Kununua mashine ya kufulia ya kizamani: plagi huja mwisho

Sentensi utakayoisikia zaidi ukianza kuwinda mashine za kufulia za kizamani huku Marekani ni hii: "Ilikuwa inafanya kazi mara ya mwisho tulipoitumia." Hiyo mara ya mwisho huenda ni wakati Reagan yuko Ikulu. Muuzaji hadanganyi. Bibi yake alifua nayo, siku moja ikasukumwa gereji, na tangu hapo aliyeishughulikia ni panya. Kisha, ili kukuthibitishia, anaokota plagi anaelekea nayo ukutani. Mzuie, kwa upole lakini mzuie.

Mashine iliyolala miaka thelathini ina waya ambao mpira wake unavunjika kama biskuti, grisi iliyoganda, pengine na kiota ndani ya mota. Ukiipa umeme ghafla, mota inayoshindwa kuzunguka huungua ndani ya muda mfupi sana, na kitu kilichohitaji saa moja ya kusafishwa kinageuka kazi ya kusuka koili upya. Ndiyo maana mpangilio wa mwongozo huu ni macho, mikono, mita, kisha umeme, na mwisho maji. Usiruke hatua hata kama muuzaji ana haraka.

Amua kwanza unawinda nini

Mkusanyaji mpya nampeleka moja kwa moja kwenye Maytag ya roli, ile yenye tangi, miguu minne, na kichwa cha roli mbili za kukamulia kilichosimama juu yake. Sababu si mapenzi tu. Maytag walianza na vifaa vya kilimo mjini Newton, Iowa, wakatoa mashine yao ya kwanza ya kufulia mwaka 1907. Mwaka 1922 wakaja na muundo walioupa jina Gyrafoam, ambapo kinachosukuma maji kiko chini katikati ya tangi badala ya kuning'inia kwenye kifuniko. Mashine za roli waliendelea kuziunda hadi 1983, wakati ambapo majirani wote walishakuwa na mashine za kujiendesha zenyewe. Maana yake kwako ni kwamba zilitoka kwa wingi, zilibadilika kidogo sana, na vipuri vya moja huingia kwenye nyingine. Tena Waamishi, Wakristo wanaoepuka vifaa vingi vya kisasa, huko Ohio, Pennsylvania na Indiana bado wanafua nazo, kwa hiyo roli mpya, mipira na sili bado vinauzwa.

Utakutana zaidi na modeli tatu. E ina tangi la mraba la alumini ya kumiminwa, nayo ndiyo wengi huitafuta. N ina tangi la mviringo la chuma kilichopakwa enameli, na J ina la mraba la chuma cha namna hiyo hiyo. Kwenye kibati cha namba, herufi P mwishoni, kama E2LP, inaonyesha kuwa mashine ilitoka na pampu ya kumwaga maji. Isiyo na P hutoa maji kwa mpira na mvutano wa ardhi, na kwangu mimi hiyo ni sifa: kitu kimoja kidogo cha kuharibika.

Mashine za kujiendesha ni ulimwengu mwingine. Bendix ya 1937, ya kwanza ya nyumbani kufua, kusuuza na kukamua yenyewe, ilibidi ifungwe kwa boliti sakafuni maana ilitikisika vibaya. Kupata moja nzima ni bahati, na kuifanyia majaribio nyumbani kwa mtu haiwezekani bila kuchimba sakafu yake. Frigidaire za miaka ya 1950, ambazo kisukumio chake hupanda na kushuka badala ya kwenda kushoto na kulia, ni za ajabu kuzitazama, ila acha zije baada ya kushika uzoefu. Ukitaka ya kujiendesha kwa mara ya kwanza, chukua Kenmore au Whirlpool ya mkanda ya miaka ya 1960 au 1970. Hizo zilikuwa kila mtaa, na fundi mzee wa eneo lako huenda bado anazijua kwa masikio.

Pa kuitafuta

Mnada wa vitu vya nyumba ya marehemu ndio kisima kikuu, hasa kwenye miji midogo ya Iowa, Illinois, Wisconsin na Missouri. Fika mapema na ushuke moja kwa moja kwenye chumba cha chini ya ardhi. Vyombo vya kaure na saa za ukutani waachie wengine. Mashine ya kufulia haijawahi kutolewa huko chini kwa sababu hakuna aliyetaka kuibeba ngazini. Minada ya mashambani inafuata kwa karibu.

Kwenye Facebook Marketplace na Craigslist, usitafute kwa jina la Maytag peke yake. Wauzaji wengi hawajui walichonacho. Tangi la mraba la alumini hutangazwa kama chungu cha maua, kama ndoo ya barafu ya kuwekea vinywaji harusini, kama pambo la bustani. Tafuta kwa majina hayo pia. Lililotobolewa chini ili maji ya maua yatoke, liache, isipokuwa unahitaji kichwa cha roli cha kuokolea mashine nyingine.

Na waulize wazee. Sisi tunaoishi Des Moines tuko mwendo wa chini ya saa moja kutoka Newton, na kanisani au mtaani kuna wastaafu waliofanya kazi kwenye kiwanda kile kabla hakijafungwa mwaka 2007, mwaka mmoja baada ya Whirlpool kuinunua kampuni. Mzee wa namna hiyo ukimsalimia vizuri na kumwuliza kuhusu mashine, atakuelekeza nyumba ambayo tangazo lake halitatoka kamwe. Kabla ya kununua chochote, pita pia kwenye jumba la makumbusho la Jasper County pale Newton. Wana safu ndefu ya Maytag zikiwa kamili. Ukishaona nzima, utajua kinachokosekana kwenye ile ya gereji.

Kabla ya kuendesha gari umbali mrefu, omba picha tano: kibati cha namba, uvungu, roli kwa karibu, plagi na waya wake wote, na ndani ya tangi chini ya kisukumio. Muuzaji anayetuma picha ya mbele tu, mara tatu, amekujibu.

Macho

Inama kwanza, usianze juu. Uvungu ndio unaosema kweli. Tafuta alama za mafuta chini ya giaboksi. Ukungu mweusi mkavu wa mafuta ni kawaida ya umri wake. Doa bichi linalong'aa linasema sili imechoka. Mbaya kuliko yote ni utando wa rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu hayo ni mafuta yaliyochanganyika na maji: maji ya kufulia yamepita kwenye sili ya mhimili wa katikati na kushuka kwenye giaboksi, na beringi pamoja na meno ya gia vimekaa kwenye tope hilo kwa miaka. Kazi hiyo inatengenezeka, lakini si kwa bei aliyoitaja muuzaji.

Kwenye tangi la alumini, unga mweupe na vishimo vidogo ni kazi ya sabuni iliyoachwa bila kusuuzwa. Zima taa ya chumba, washa tochi ndani ya tangi, kisha tazama kwa nje na chini. Mwanga ukipenya hata kwa tundu la sindano, tangi limetoboka. Kwenye enameli, mbanduko mmoja ukingoni si neno. Mbanduko chini, uliozungukwa na kutu iliyovimba, utaendelea kula chuma hata ukipaka rangi juu yake.

Roli ziangalie kwa pembeni. Zikiachwa zimebanwa kwa miaka, mpira hupata ubavu bapa na hauwi tena mviringo. Bonyeza kwa ukucha: mpira mzima hurudi, uliokufa ni mgumu na una nyufa. Roli zilizokufa zisikufukuze, zinabadilishwa. Kinachotakiwa kukufukuza ni kichwa chenye fremu iliyovunjika au kipande cha mfumo wa kufungua kisichokuwepo.

Mikono

Hakikisha plagi iko chini mbele yako, unaiona. Sasa zungusha puli ya mota kwa mkono. Inapaswa kwenda bila kukwama, na mkono usikie uzito ule ule mzunguko mzima. Ikigoma, vua mkanda ujaribu tena: mota ikizunguka peke yake basi kilichoganda ni giaboksi, na hiyo ni habari nzito kuliko mota iliyoganda. Mota hupatikana. Giaboksi ya Maytag iliyopasuka ganda lake ni ya kutafutwa kwa mwaka.

Kisha shika kisukumio, ule mnara wenye mapezi katikati ya tangi, ambao mafundi huuita ajiteta. Jaribu kuuinua. Kwenye mashine iliyotunzwa unatoka kwa mkono. Kwenye nyingi hautatoka, maana alumini na chuma vimeshikana kwa kutu. Hapa ndipo wanunuzi wenye pupa huharibu mali: huchukua bisibisi mbili na kuanza kuchokonoa kutoka chini, mapezi yakapasuka. Dawa yake ni subira. Maji ya moto sana yamiminwe ndani ya mnara, mafuta ya kulegezea kutu usiku kucha, kisha kuuvuta taratibu sawasawa pande zote mbili. Usifanye haya nyumbani kwa muuzaji. Andika tu kwamba umeshikana na upunguze bei.

Mwisho, jaribu mfumo wa kufungua roli. Banza roli, halafu gonga kibao cha usalama kilicho juu au mbele ya kichwa. Roli zinapaswa kuachana papo hapo kwa kishindo cha springi. Rudia mara kadhaa. Zisipoachana, mashine hii haitawashiwa roli siku hiyo, hata muuzaji aseme nini. Mikono iliyomezwa na roli, mingi ya watoto, ilikuwa kawaida kiasi kwamba madaktari wa Marekani waliipa jeraha hilo jina lake.

Mita

Mita ya kawaida ya fundi umeme inatosha kuanzia. Weka ncha moja kwenye mguu wa plagi na nyingine kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi cha mwili wa mashine. Fanya hivyo kwa kila mguu, swichi ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Isionyeshe chochote. Ikionyesha njia yoyote ya umeme, mashine ina shoti kwenye mwili na yeyote atakayeigusa akiwa kwenye sakafu yenye maji atakipata. Ukiwa na mega ya volti 500, yaani kipimo cha uvujaji wa umeme kwenye waya, ni bora zaidi, kwa sababu mita ndogo haioni uvujaji unaojitokeza kwenye volti kubwa tu. Chini ya megaomu moja, usiiwashe.

Halafu pima kati ya miguu miwili ya plagi, swichi ikiwa imewashwa. Omu chache ni afya. Sifuri kamili ni shoti. Kusipokuwa na kitu kabisa, waya umekatika mahali au swichi imekufa, na hilo ni tatizo la bei nafuu kuliko yote kwenye orodha hii.

Waya wenyewe, kama ni wa mpira wa zamani au wa kitambaa, usiujadili: unabadilishwa. Mashine nyingi za roli zilitoka na plagi ya miguu miwili, bila waya wa ethi. Weka waya mpya wa nyuzi tatu na ufunge ule wa kijani kwenye chuma cha mwili kwa boliti na washa yenye meno. Wapo wakusanyaji wanaolia kwamba hiyo si asilia. Waya wa asili uuweke kwenye mfuko uutundike nyuma ya mashine. Uasilia wa kuua mtu hauna maana.

Umeme

Tumia soketi yenye kitufe cha majaribio, ile ya bafuni au jikoni inayokata umeme ukivuja. Kama haipo, nenda na kifaa cha kubebeka cha aina hiyo. Soketi ikikata mara tu unapowasha, usihamie soketi nyingine "nzuri". Imekwambia kitu.

Mafundi wengi hupenda kuanza kupitia balbu ya zamani ya wati 100, ya waya na si ya LED, iliyofungwa mfululizo na mashine. Swichi ya mashine ikiwa imezimwa, balbu isiwake. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti njiani na balbu imekuokoa na mlipuko. Ukiwasha swichi, balbu itawaka na mota kunguruma bila kuzunguka vizuri. Hiyo ni sawa, usiiache zaidi ya sekunde chache.

Sasa umeme kamili, mkanda ukiwa umevuliwa. Mota nzuri huanza mara moja, na ukisikiliza utasikia mlio mdogo wa swichi ya ndani ikijitenga inapofika kasi. Ikinguruma bila kuanza, chomoa upesi. Kosa hapo mara nyingi ni ile swichi ya ndani, koili ya kuanzishia, au kapasita kwa mota zilizo nayo. Ikianza, iache dakika tano na upitishe kiganja karibu. Vuguvugu sawa, harufu ya vanishi inayoungua si sawa.

Rudisha mkanda, weka ajiteta kwenye gia, usikilize. Mdundo wa Maytag nzima ni wa chini na uliotulia, kwenda na kurudi, unaweza kuzungumza juu yake bila kupaza sauti. Kishindo kila inapogeuza mwelekeo ni meno yaliyolika. Mlio wa kukwaruza unaoongezeka kadiri inavyopata joto ni beringi au bushi.

Maji, na roli

Hatua hii wengi hawaruhusiwi kuifanya kwa muuzaji, na si vibaya. Ifanye nyumbani siku ya kwanza. Tandika maboksi makavu chini, jaza maji baridi hadi nusu, na ukae bila kuwasha kitu kwa nusu saa. Maboksi yataonyesha hata tone. Rudia kwa maji ya moto, maana sili iliyokauka hushika ikiwa baridi na kuachia ikipata joto. Ndipo uwashe ajiteta bila nguo, kisha na taulo mbili au tatu. Maji yanayotokea kwenye mpira wa kumwagia au bomba lake hayana shida. Yanayotokea katikati, juu ya giaboksi, yanarudisha ile habari ya sili ya mhimili.

Roli zijaribu na taulo moja iliyokunjwa, ikiingizwa kwa ncha yake na kuachiliwa. Jaribu mbele, kati na nyuma. Taulo ikiwa katikati ya roli, gonga kibao cha usalama: ziachane hapo hapo. Kabla ya haya yote vua saa na pete, funga rasta, kunja mikono ya kanzu, na kanga au mtandio usiwe unaning'inia. Watoto wawe chumba kingine.

Za injini ya petroli

Kabla umeme haujafika mashambani, Maytag waliuza mashine zenye injini yao wenyewe chini ya tangi, ya kupiga teke kama pikipiki. Utakutana na ya silinda moja, Model 92, na ya silinda mbili, Model 72. Zote ni za mapigo mawili, kwa hiyo mafuta ya injini huchanganywa na petroli. Wapenda injini wamezing'oa nyingi na kuacha matangi, kwa hivyo mashine iliyobaki na injini yake ni windo la maana. Ijaribu nje tu. Lile bomba refu la chuma la moshi lilitolewa dirishani kwa sababu nzuri, na limeliwa na kutu kwenye karibu kila moja.

Kuibeba, na kuivusha bahari

Fungua mgandamizo wa roli, funga kichwa kwa kamba kisizunguke, na kamwe usiinue mashine kwa kukishika hicho kichwa. Ibebwe wima, ukiilaza, mafuta ya giaboksi yatakutokea garini. Watu wawili na toroli.

Anayetaka kuipeleka Mombasa au Dar ajue kwamba transfoma haimalizi kazi. Marekani ni volti 120 na hezi 60. Kwetu ni volti 230 hadi 240 na hezi 50. Transfoma hushusha volti lakini hezi hubaki 50, na mota ya mashine hizi, inayokwenda mizunguko 1,725 kwa dakika Marekani, hushuka hadi kama 1,425 huku ikipata joto zaidi. Kama ni ya kutazamwa tu na kuwashwa sikukuu, transfoma itatosha. Kama ni ya kufua, funga mota ya huko ya nguvu ile ile, volti 230, na puli yake iwe kubwa kwa takriban moja ya tano kuliko ya zamani ili ajiteta irudi kwenye mwendo wake.

Walioko Uingereza wana njia fupi zaidi, maana umeme wa kule ni sawa na wetu. Hoover walifungua kiwanda Merthyr Tydfil, Wales, mwaka 1948, na mashine yao ndogo ya 0307, yenye roli za kuzungusha kwa mkono, ni rahisi kupata na nyepesi kusafirisha. Waya wa zamani wa Kiingereza una nyekundu kwa laini, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ethi, si kahawia na bluu za sasa. Kwenye waya wa Marekani nyeusi ndiyo laini, kwa hiyo anayemiliki za nchi zote mbili abandike karatasi kwenye kila moja.

Mota ya awali ya Maytag usiiuze wala kuitupa. Ifunge kwenye sanduku kavu pamoja na puli na boliti zake, maana mkusanyaji atakayeinunua mashine kwako ataiulizia kabla hajauliza bei.